Mwongozo Kamili: Kupiga Filamu Yako ya Kwanza ya Dakika Tatu kwa Kamera ya Kidijitali

Vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaoniletea video zao nizitazame hutofautiana kamera, lakini ugonjwa ni mmoja. Picha inaanza vizuri. Wingu likipita, uso wa anayeongea unakuwa mweusi ghafla. Sekunde chache baadaye rangi inahama kutoka manjano kwenda bluu. Fokasi, yaani ukali wa picha, inakwenda mbele na kurudi nyuma kana kwamba inatafuta kitu ilichodondosha, na ukutani mistari ya kiza inapanda na kushuka. Mpigaji anailaumu kamera na kuanza kudunduliza pesa za kununua nyingine.

Kamera haina kosa. Imeachiwa kuamua kila kitu, nayo inabadili uamuzi kila sekunde. Mwongozo huu unakufundisha kuamua wewe kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, kisha kuhakikisha hakuna kinachobadilika mpaka ubonyeze tena.

Kazi yenyewe ni filamu ya dakika tatu kuhusu fundi cherehani anayefanyia kazi barazani. Nimemchagua fundi kwa sababu anakaa mahali pamoja, mikono yake ina kazi ya kuonyesha, na mwanga unamjia kutoka upande mmoja. Mafundi wa namna hiyo huwakosi Mwanjelwa, Mafinga, Tukuyu wala Makambako. Ukikosa fundi, tafuta mama anayepanga ndizi au kijana anayetengeneza pikipiki. Ila usianze na harusi. Pete ikishavishwa, huwezi kumwambia bwana harusi arudie kwa sababu ulisahau kuwasha maiki.

## Vifaa vya kuwa navyo

Kamera yenye gurudumu la herufi na M (ya kupanga mwenyewe kwa mkono) ikiwemo, inayorekodi video ya 1920 x 1080, na yenye tundu la maiki. Canon EOS 700D ya mtumba inatosha kwa kila kitu kilichomo humu. Usikope pesa kwa ajili ya 4K, ile video ya nukta nyingi zaidi. Kwa anayeanza, 4K ni njia ya kujaza kadi na kuichosha kompyuta tu.

Lenzi ya 18–55mm inayokuja na kamera. Ukiweza kuongeza moja, iwe 50mm f/1.8, ambayo ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na inaona vizuri penye giza.

Memori kadi mbili za GB 64, si moja ya GB 128. Moja ikiharibika, nusu ya kazi bado iko salama. Tafuta iliyoandikwa V30, maana yake inaweza kuandika angalau MB 30 kila sekunde bila kukwama. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hula takriban GB 22 kwa saa, kwa hiyo kadi moja inakupa zaidi ya saa mbili.

Betri mbili, zote zimechajiwa usiku uliotangulia. Umeme wetu unajulikana.

Stendi ya miguu mitatu, iliyo nzito kuliko unavyopenda kuibeba. Stendi nyepesi hutikisika daladala ikipita.

Maiki ya kubana kwenye shati, yenye waya, na visikilizio vya kuziba masikio.

Kichujio cha ND, ambacho ni kama miwani ya jua kwa lenzi. Kipimo cha kununua kimeandikwa mbele ya lenzi karibu na alama ya duara lililokatwa kwa mstari, kwa mfano 58mm.

Mwisho ni vitu vya nyumbani: karatasi nyeupe ya A4, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, mfuko wa plastiki wenye zipu, na kipande kikubwa cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe upande mmoja. Boksi hilo utalishukuru.

Kama una simu tu, usiondoke. Tumia sehemu ya video yenye mipangilio ya kitaalamu, au programu inayokuruhusu kufunga shata, ISO na fokasi, maneno nitakayoyaeleza hatua kwa hatua. Apacha ya simu nyingi haibadiliki, lakini mengine yote yanakuhusu.

## Ruhusa kwanza

Mtembelee fundi siku moja kabla, bila kamera. Salimia kwanza, kama amekuzidi umri, shikamoo itangulie, na kwa Wahehe "kamwene" hufungua milango. Mweleze unachotaka kufanya, video itaonyeshwa wapi, na itamchukua muda gani. Kama yuko ndani ya soko, pitia pia ofisi ya soko. Walinzi wakikukuta na stendi bila taarifa, siku imeisha.

Kwa baadaye, ukishaanza kutamani makubwa: filamu ya kibiashara inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, hifadhi za Kitulo na Ruaha ziko chini ya TANAPA, na droni hairushwi bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Stesheni za TAZARA, madaraja na maeneo ya vyombo vya ulinzi si mahali pa kujaribia lenzi.

## Hatua ya 1: Panga menyu ukiwa nyumbani

Fungua menyu utafute mfumo wa video, uchague PAL, si NTSC. Hapa ndipo ile mistari ya ukutani inapotoka. Umeme wa Tanzania ni wa 50Hz, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halitambui, kamera inatambua. PAL inakupa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 25 au 50 kwa sekunde, zinazokwenda sambamba na umeme huo. NTSC inatoa 30 au 60, hesabu ya Marekani, na kamera nyingi za mtumba zinafika zikiwa zimewekwa hivyo. Tahadhari: baadhi ya kamera hudai kufomati kadi unapohama, basi nakili kwanza vilivyomo.

Kisha weka 1920 x 1080, fremu 25. Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Sahihisha tarehe na saa, utakuja kuzihitaji unapopanga vipande. Rangi iwe ya kawaida au tulivu. Kama kamera ina ile picha iliyopauka ambayo wataalamu huipaka rangi baadaye, iache kwa sasa.

Zima ISO otomatiki. Zima fokasi otomatiki. Zungusha gurudumu kwenye M. Najua kamera mpya zinafuata uso kwa fokasi vizuri sana. Utairudishia kazi hiyo ukishajua kuifanya mwenyewe.

Umefaulu kama skrini inaonyesha M, 1920 na 25, na ukielekeza lenzi dirishani kisha kwenye kona yenye giza, mwanga wa picha haujirekebishi wenyewe. Dirisha linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu, na kona inakuwa nyeusi. Huko ndiko kutii tunakokutaka.

## Hatua ya 2: Funga shata kwenye 1/50

Shata ni muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Kanuni ya zamani ya sinema inasema muda huo uwe nusu ya muda wa fremu: fremu 25, shata 1/50 ya sekunde. Mwendo wa mkono wa fundi unapata ukungu kidogo, nao ndio unaoonekana wa asili machoni. Ukipandisha hadi 1/500, sindano na vidole vinaonekana vikirukaruka.

Faida ya pili ni kwamba 1/50 inakubaliana na taa zetu. Ila ukiwa kwenye ukumbi unaotumia jenereta, au wenye zile taa za LED za rangi za kupambia, mistari inaweza kurudi kwa sababu taa hizo hazifuati mdundo wa kawaida. Jaribu 1/100. Ikikataa, hama upande au omba taa hizo zizimwe.

Baada ya hapo, sahau shata. Picha ikiwa na giza au ikizidi mwanga, usiiguse.

## Hatua ya 3: Apacha kwanza, ISO baadaye

Apacha ni tundu la lenzi. Namba ndogo ni tundu kubwa: f/1.8 linaingiza mwanga mwingi na kutia ukungu nyuma ya mtu, f/11 linaingiza kidogo na kuonyesha karibu kila kitu kwa ukali. Ngazi zake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila ukipanda ngazi moja, mwanga unapungua nusu.

Anza na f/5.6. Sababu iko kwenye lenzi yako ya 18–55: imeandikwa 3.5–5.6, maana yake ukivuta picha karibu, tundu linajibana lenyewe na picha inaingia giza katikati ya kazi. Kwenye f/5.6 hilo halitokei mwanzo hadi mwisho wa zumu. Pia inasamehe fokasi. Wengi hununua ile 50mm na kukimbilia f/1.8 siku ya kwanza; pua inaonekana, macho yana ukungu.

Kisha ISO, ambayo ni jinsi kamera inavyokuza mwanga iliopokea. Ianze 100, upandishe taratibu mpaka uso uonekane vizuri. Barazani mchana, ISO 200 hadi 400 hutosha mara nyingi. Ukijikuta umevuka 1600 kwenye kamera ndogo, chenga zitaanza kuonekana gizani, na dawa ni kusogea penye mwanga.

Sasa tatizo la kinyume. Kwenye jua kali, kwa 1/50 na ISO 100, kamera itataka karibu f/22. Huko picha inapoteza ukali, na kila kivumbi kilichokaa kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kinaonekana. Hapo ndipo kichujio cha ND kinapofanya kazi: ND16 hupunguza mwanga ngazi nne na kukurudisha f/5.6. Ukinunua kile cha kuzungusha, usikizungushe hadi mwisho, kinaweka alama nyeusi ya msalaba angani.

## Hatua ya 4: Rangi isihame

Mwanga una rangi, na hupimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ya manjano ni karibu 2800, jua la mchana 5500, wingu zito au kivuli 6500 hadi 7000. Kamera ikiachiwa rangi, kila fundi anapofunua kitambaa chekundu itadhani mwanga umebadilika na kuigeuza picha yote iwe bluu.

Toa karatasi ya A4, mpe fundi aishike mbele ya uso, ijaze skrini, kisha tumia sehemu ya menyu ya kupima weupe. Kama kamera yako haina, chagua alama ya kivuli au ya jua na uiache hapo. Ukihama kutoka barazani kuingia ndani, pima upya.

Tahadhari moja: usichanganye taa ya manjano ya ndani na mwanga wa mlangoni kwenye uso mmoja. Shavu moja litakuwa la chungwa, la pili bluu, na hakuna programu ya kuhariri itakayokupatanishia. Zima taa.

## Hatua ya 5: Fokasi kwenye macho

Sogeza swichi ya lenzi kwenye MF, fokasi ya mkono. Bonyeza kitufe cha kukuza skrini mara 5 au 10, lenga jicho lililo karibu nawe, zungusha pete mpaka kope zionekane moja moja, kisha rudisha skrini. Fundi akiinama kusogea mbele, rudia.

## Hatua ya 6: Tafuta mwanga kabla ya kutafuta picha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea huku menyu ikiwa imepangwa sawasawa.

Kosa kubwa ni anga jeupe nyuma ya mtu. Wakati wa masika, na asubuhi za ukungu kule Rungwe na Mufindi, anga letu ni shuka jeupe linalowaka kuliko uso wowote. Ukimweka mtu mbele yake, unachagua kati ya mawili: uso mweusi au anga lililoungua. Suluhisho halimo kwenye kamera. Panda ngazi mbili juu yake na uelekeze lenzi chini kidogo, au zunguka mpaka nyuma yake pawe na mteremko, mgomba, shamba la chai, mlango wa rangi. Nyanda za juu hizi huna udhuru, popote unaposimama kuna kilima cha kuweka nyuma ya mtu.

Barazani, mketishe fundi karibu na ukingo wa kivuli, si ndani kabisa na si juani. Geuza cherehani ili mwanga wa nje umpige upande mmoja wa uso. Upande wa pili utakuwa na kivuli. Hiyo ndiyo inayoupa uso umbo. Kivuli kikizidi, mpe rafiki lile boksi jeupe alisimamishe upande wa giza, hatua moja kutoka usoni, nje ya fremu. Utaona jicho la pili linaamka.

Kuhusu ngozi nyeusi, mshale wa kamera wa kupimia mwanga utakudanganya. Umetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu. Uso mweusi ukijaza fremu, mshale utasema kuna giza na kukutaka uongeze mwanga. Ukiutii, ngozi inageuka rangi ya majivu. Fremu ikijaa shati jeupe au anga, mshale utasema kinyume chake, na uso utazama. Angalia uso wenyewe kwenye skrini, ukiwa umeikinga na jua kwa kofia au kanga: weusi uwe na kina, na sehemu zinazong'aa, paji la uso na mfupa wa shavu, zing'ae bila kuwa nyeupe tupu. Ngozi yetu inapendeza kwa mng'ao wa pembeni. Usimpake mtu poda kuuondoa wote.

Saa nazo zina neno. Mbeya iko magharibi ya nchi, hivyo mwezi Juni jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Utosini linafika karibu saa saba mchana, si saa sita. Saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni, mwanga umelala na unapendeza. Oktoba na mwishoni mwa Februari ni hatari zaidi: jua la mchana linakaa karibu juu ya kichwa kabisa, na macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Saa hizo piga mikono, vitambaa na cherehani, mahojiano yasubiri. Ukiwa bondeni, angalia siku ya kwanza jua linafichwa na mlima saa ngapi. Linaweza kukukimbia saa nzima kabla ya machweo.

Ukungu wenyewe si adui, unalainisha mwanga bila gharama. Adui ni unyevu. Ukitoka kwenye baridi ya Makete au Njombe mwezi Julai na kuingia chumba chenye jiko la mkaa, lenzi itapata ukungu wa maji hapo hapo. Ifungie kamera kwenye ule mfuko wa zipu kabla ya kuingia, isubiri ndani ya begi mpaka ipate joto taratibu, kama nusu saa. Betri ya pili ikae mfuko wa ndani wa koti. Baridi huipunguzia nguvu.

## Hatua ya 7: Simamisha kamera

Fungua miguu ya stendi, mmoja uelekee mbele chini ya lenzi. Kwenye mteremko, mguu huo uwe upande wa bondeni, vinginevyo kamera itaenda kabla yako. Ning'iniza begi katikati iwe nzito. Zima kitulizaji cha lenzi kamera ikiwa kwenye stendi, kwa kuwa lenzi nyingine huhangaika kutafuta mtikisiko usiokuwepo.

Kwa wiki za mwanzo usipeleke kamera kulia wala kushoto, na zumu usiiguse ukiwa unarekodi. Mwendo uwe ndani ya fremu: gurudumu linazunguka, kitambaa kinateleza. Ukishaweza kumshikilia mtazamaji kwa picha iliyotulia, utakuwa na haki ya kuitembeza.

## Hatua ya 8: Sauti ni nusu ya filamu

Watazamaji husamehe picha yenye chenga. Sauti mbaya wanaizima.

Bana maiki kifuani, kiganja kimoja chini ya kidevu, mahali ambapo haiguswi na kola, khanga wala mkufu. Waya upite ndani ya nguo. Weka kiwango cha sauti kwa mkono, si otomatiki. Otomatiki hupandisha kelele za barabarani kila fundi anaponyamaza kupumua. Mwambie aeleze kazi yake kwa sauti yake ya kawaida huku ukitazama vipimo: vilele vifike karibu na −12 dB, na visiguse 0 hata akicheka. Sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Kamera nyingi ndogo, pamoja na hiyo 700D, hazina tundu la visikilizio. Basi rekodi sekunde 20, toa kadi, sikiliza kwenye kompyuta mpakato kabla ya kuanza. Kama huna kompyuta karibu, rekodi sauti kwenye simu iliyo mfukoni mwake maiki ikiwa imechomekwa huko, na mwanzoni piga kofi moja mbele ya lenzi. Kofi hilo litakusaidia kuoanisha picha na sauti wakati wa kuhariri.

Upepo wa Makambako hauna adabu. Maiki ivishwe manyoya yake, na fundi akae kwa namna ambayo mwili wake unakinga. Mvua ikianza kugonga bati, acha mahojiano. Hakuna maiki inayoshinda bati. Tumia muda huo kupiga mikono na dirisha lenye matone.

Kabla hujafungasha, waombe wote wanyamaze sekunde 30 na urekodi ukimya wa pale barazani. Ukikata sentensi mbili, ukimya huo ndio utakaoziba pengo.

## Hatua ya 9: Piga shoti zinazoungana

Anayeanza huweka kamera mahali pamoja, anarekodi dakika 20, kisha anashangaa kwa nini haihaririki. Filamu ya dakika tatu, kila shoti ikikaa wastani wa sekunde sita, inahitaji shoti kama 30. Kila moja irekodiwe sekunde kumi kamili. Hesabu kimoyomoyo baada ya mkono wako kuachia kitufe.

Anza na mahojiano, maana ndiyo yatakayokuambia picha zipi utafute. Kaa sikio lako likiwa usawa wa lenzi, akuangalie wewe, si kamera. Macho yake yawe theluthi ya juu ya fremu, na upande anaoutazama uwe na nafasi zaidi kuliko mgongoni. Mwombe aunganishe swali na jibu. Ukiuliza alianza lini, usikubali "zamani sana", unataka "Nilianza kushona nikiwa kijana, nikifundishwa na mjomba." Swali lako utalikata, jibu lisimame lenyewe. Akimaliza, usimkatize. Nyamaza kidogo, mara nyingi jambo zuri linakuja baada ya kimya.

Sasa fuata alichosema. Akitaja mkasi wa urithi, tafuta mkasi. Kwa kila tendo chukua shoti tano: mikono kwa karibu sana, uso wake akitazama mikono hiyo, baraza lote kwa mbali na watu wakipita, picha kutoka nyuma ya bega lake kama unachungulia, na moja ya pembe isiyotarajiwa, kwa mfano kutoka chini kwenye kanyagio. Mikono na uso ndivyo vinavyobeba filamu. Nikitazama kazi za wanafunzi, picha za mbali ni nyingi mno na za karibu hazitoshi. Sogea kwa miguu yako, si kwa zumu.

Vuta mstari wa kufikirika kutoka kwa fundi hadi kwenye cherehani, na ubaki upande mmoja wa mstari huo. Ukivuka, shoti moja atashona akitazama kulia na inayofuata akitazama kushoto, mtazamaji atadhani ni watu wawili.

Usisahau mwanzo na mwisho wa tendo: mlango unafunguliwa, cherehani linafunuliwa, nguo inakunjwa, mteja anaondoka nayo. Vipande hivyo ndivyo vinavyokusaidia kuingia na kutoka kwenye filamu.

Jioni kabla ya kuondoka, mwonyeshe fundi vipande vichache. Ni haki yake, na mara nyingi atakukumbusha kitu ulichokiruka.

## Hatua ya 10: Nakili, kagua, rudi

Usiku huo huo nakili kadi sehemu mbili tofauti, kwa mfano kompyuta na diski ya nje. Usifomati kadi mpaka umefungua faili kwenye zote mbili na kuona zinacheza. Ukikuta rekodi ndefu imekatwa vipande, usiogope: kamera nyingi hugawa faili kila zinapofika GB 4. Hizi za zamani pia huacha kurekodi zenyewe kabla ya dakika 30, kwa hiyo kwenye mahojiano marefu simamisha mwenyewe na uanze upya.

Kwa kuhariri, Shotcut na Kdenlive ni za bure na hazilemei sana kompyuta; DaVinci Resolve ina toleo la bure pia, ila inataka mashine yenye nguvu. Mradi uwe wa fremu 25. Panga sauti ya mahojiano kwanza mpaka hadithi ieleweke ukiwa umefumba macho, kisha funika kwa picha za mikono na baraza.

Kabla ya kuhariri, tazama kila kipande ukitafuta ugonjwa. Mistari ya kiza ukutani: rudi hatua ya 1 na ya 2. Mwanga unapanda na kushuka wenyewe: ISO bado ni otomatiki, au zumu ilikuwa inabana tundu. Rangi inahama: hukufunga weupe. Uso umezama na anga ni zuri: tatizo ni mahali ulipomketisha, si kamera. Macho yana ukungu na sikio lina ukali: ongeza namba ya apacha au ukuze skrini kabla ya kubonyeza. Sauti ina mwangwi na iko mbali: maiki haikuchomekwa hadi mwisho, na ulichorekodi ni maiki ndogo ya kamera. Andika kasoro hizo kwenye karatasi, mpigie fundi simu, umwombe tena asubuhi moja ya wiki ijayo.